Sita kwa Kumi

Gari la wagonjwa la Kwemzinga liliingia karakanani kwa Fatina Hozza saa tano asubuhi, na dereva wake alianza kufoka kabla mguu wake wa pili haujagusa sakafu.

"Saa sita, fundi! Saa sita kutoka Kwemzinga mpaka hapa Mombo! Nimetoka alfajiri, mbuzi wananipita. Mbuzi! Mmoja alisimama akanitazama machoni."

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba. Na hili nalo halinyamazi."

Kama vile limesikia linasemwa, gari likatamka kwa sauti yake ya kike, laini, isiyo na haraka: "Jicho halijasawazishwa. Mwendo umepunguzwa kwa usalama wako."

"Kila dakika moja," alisema mzee. "Kila dakika moja, tangu alfajiri. Usalama wangu! Kioo kimepasuka kwa kokoto, fundi wa vioo kaja juzi kaweka kipya, kimekaa vizuri, hakivuji. Lakini gari haliwezi kwenda mpaka lije kwako, na wewe unatoza mara tatu ya bei ya kioo chenyewe."

"Sitozi mimi. Inatoza Mamlaka."

"Basi Mamlaka ije ilisukume."

Fatina alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi mpaka yamemkinai. Kila anayeingia hapo huingia amekasirika. Tangu sheria ya Mamlaka ya Macho ya Barabara ipite, hakuna gari lililoruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kwa saa bila muhuri wa fundi, na katika wilaya nzima fundi mwenye leseni alikuwa mmoja. Kamera ya gari hukaa nyuma ya kioo cha mbele. Ukibadilisha kioo, kamera husogea kwa upana wa unywele, na upana huo wa unywele, ukifika mita sitini mbele, unakuwa upana wa mtu mzima. Fatina aliwaeleza wateja hayo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aliacha.

Alipima upepo wa matairi manne, akatoa kila kilichokuwa ndani ya gari ili uzito ukae sawa, akafunga milango ya mabati kuzuia jua, akasimamisha mbele ya gari ubao wa miraba myeusi na myeupe. Kisha akaunganisha kompyuta yake na kusubiri. Kazi yenyewe ilikuwa kusubiri. Jicho la gari liliutazama ubao, likapotea, likautafuta tena. Mara mbili lilikataa kwa sababu ya kivuli cha panya aliyepita kwenye tundu la bati. Mara ya tatu lilikataa bila sababu. Mzee Mbaruku alikaa juu ya tairi kuukuu, fimbo katikati ya magoti, akimtazama.

Alikuwa dereva tangu magari yalipokuwa na usukani. Siku hizi gari lilijiendesha lenyewe, na yeye aliitwa dereva kwa sababu mshahara ulikuwa na jina hilo. Kilichobaki mbele yake kilikuwa kitufe chekundu cha kusimamishia. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Hilo jicho wamelionaje hospitali?" Fatina aliuliza, ili tu asikae kimya.

"Nani alitazame? Siku hizi hapimwi dereva, linapimwa gari."

Saa saba mchana ubao ukakubaliwa. Wakalitoa gari nje, kwenye uwanja ulionyooka nyuma ya karakana, na kule mwisho Fatina akamsimamisha Bwana Wima. Mafundi wote wa nchi walimwita hivyo. Alikuwa mwanamume wa mpira, kimo cha mita moja na robo tatu, mikono ubavuni, hana mzigo, hana mtoto mgongoni, hana hata mwavuli. Gari lilipaswa kumwendea kwa mwendo wa thelathini na kusimama lenyewe. Kwenye kompyuta Fatina aliweka kizingiti cha sita, kama kitabu kinavyotaka. Maana yake gari likiwa na uhakika wa sita kwa kumi kwamba kilicho mbele ni mtu, linasimama. Likiwa na tano, linaendelea.

Gari likaenda. Lilisimama mita nane kabla ya Bwana Wima, taratibu, kwa adabu.

"Tumemaliza," alisema Fatina. "Nipe kidole chako nikufungie muhuri."

Mzee Mbaruku hakutoa kidole. Alikwenda pembeni vilipowekwa vitu vilivyotolewa garini, machela na mitungi na mablanketi, akainama, akainua kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na majani ya ng'ombe, marefu, bado yana unyevu. Aliuvuka uwanja mzima nayo begani, akampachika Bwana Wima kichwani, akayaachia yaning'inie mpaka kiunoni, kama wanavyoyabeba wanawake wa milimani wanapotoka kukata.

"Sasa pima."

"Mzee wangu, kipimo ni kimoja."

"Nimekaa saa sita barabarani na majani haya nyuma yangu. Pima."

Fatina alikuwa amechoka, na njia fupi ya kumwondoa mteja mbishi ni kumfanyia anachotaka. Akabonyeza. Gari likaondoka. Kwenye kioo cha kompyuta, mraba mwekundu uliokuwa ukimzunguka Bwana Wima uligeuka kijani, na ndani yake likaandikwa neno moja: KICHAKA. Pembeni, namba: nne.

Alikuwa na muda wa kubonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye kompyuta. Baadaye alijihesabia, akaona alikuwa na sekunde tatu nzima. Lakini alikuwa ameyaona magari elfu yakisimama mahali pale, na mkono wake haukuamini. Gari lilimpiga Bwana Wima kwa mwendo uleule wa thelathini. Majani yaliruka yakatapakaa juu ya kioo kipya, na yule mwanamume wa mpira akatupwa hadi kwenye ukuta wa matofali, uso chini.

Gari ndilo lililosema kwanza: "Safari inaendelea."

"Hivyo ndivyo dada yangu Mwajabu alivyokufa," alisema Mzee Mbaruku. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Fatina kuliko makelele ya asubuhi. "Kwenye kona za Soni. Wiki ya tatu sasa. Lori la kabichi."

Fatina alilijua lile lori. Alilipiga muhuri yeye. Taarifa ya Mamlaka ilimfikia kwa sababu jina lake lilikuwamo, na aliisoma akiwa amesimama hapohapo uwanjani: gari lilikuwa limesawazishwa ipasavyo, kitu kilichogongwa hakikuwa na umbo la mtembea kwa miguu. Alikumbuka alivyoshusha pumzi. Alikumbuka pia kwamba jioni ile alikula kwa hamu.

* * *

Simu ya Mamlaka ilipokelewa na mashine, ikamtaka ataje namba ya leseni, kisha ikamtaka aitaje tena, kisha ikamchezea muziki wa kinanda kwa robo saa. Hatimaye alipokea mtu. Alikuwa Mkaguzi Ndimbo wa ofisi ya mkoa, mtu mpole ambaye Fatina hakuwahi kuonana naye ila kwa simu.

"Dada Fatina, za huko? Joto?"

"Gari halimwoni mtu aliyebeba majani."

"Samahani?"

Akamweleza. Ndimbo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akauliza, "Bila majani linamwona?"

"Bila majani linamwona."

"Basi limepita."

"Mkaguzi, huku milimani saa tisa alasiri nusu ya watu walioko barabarani wamebeba majani!"

"Naelewa, dada. Lakini nielewe na mimi. Barabara zenu nyasi zinainamia njiani pande zote. Gari likisimama kwa kila nyasi halitafika popote, ndiyo maana limefundishwa kupita. Hilo si kosa, wananchi wenyewe waliomba. Mwaka wa kwanza magari yalikuwa yanasimama kwa migomba, umesahau? Mliandamana."

Hakuwa amesahau. Yeye mwenyewe aliandamana.

"Nikishusha kizingiti mpaka tatu?"

"Kitabu kinakuruhusu kati ya tano na saba."

"Najua kitabu kinavyosema. Nauliza nikishusha."

"Muhuri hautakubali. Andika maombi ya kubadilisha sanamu, nitayapeleka juu. Ila sanamu zinatengenezwa nje, na kubadilisha kipimo cha taifa kunahitaji kikao." Alisita. "Kikao kilichopita kilikuwa cha kubadilisha rangi ya suruali yake. Kilichukua miezi kumi na minne."

Fatina aliitazama simu kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

"Mimi najaribu kukusaidia, dada," alisema Ndimbo.

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

* * *

Sheria iliruhusu gari lisilo na muhuri kwenda mwendo kamili wa majaribio iwapo fundi yumo ndani. Fatina alishusha kizingiti mpaka tatu, akapanda kiti cha mbele na kompyuta yake mapajani, Mzee Mbaruku akakaa kwenye kiti chake cha dereva, wakaanza kupanda kuelekea Soni. Alitaka kujua tatu ni nini, si kwenye kitabu, barabarani.

Tatu ilikuwa mateso. Gari lilisimama kwa guatemala, lile jani refu la kulishia ng'ombe, lililoinama kwa upepo. Lilisimama kwa mgomba, likasimama kwa kivuli cha mgomba uleule. Lilisimama kwa shati lililoanikwa kwenye ua, na kwa kibao cha mchungaji anayegombea udiwani. Kila likisimama liliwatupa mbele wote wawili mpaka mikanda ikawakaba, likasubiri, likajiridhisha, likaondoka.

"Huyu naye ni mtu?" aliuliza Mzee Mbaruku mbele ya kichuguu. "Msalimie, basi!"

Lakini mara mbili lilisimama kwa wanawake wenye majani, na mara zote mbili Fatina aliangalia namba kwenye kompyuta: nne, nne. Kwa sita wale wangekuwa kichaka.

Walikuwa wamevuka Soni na kupanda tena, wamebakiza mwendo mfupi kufika Kwemzinga, simu ya gari ilipolia. Alikuwa Sista Theofrida, mkunga wa kituo.

"Mbaruku, uko wapi? Nina mzazi hapa. Amejifungua salama, mtoto mzima, lakini kondo halijatoka na damu haikatiki. Namhitaji hospitali ya bonde sasa hivi."

"Tunakuja, Sista."

"Sasa hivi, Mbaruku. Si kesho."

Walimkuta yule mzazi kwenye machela ya kituo, binti wa miaka ishirini hivi aitwaye Zuhura, midomo imepauka, macho yako wazi lakini hayamtafuti mtu. Mama mkwe wake alibaki na kichanga. Sista Theofrida, mwanamke mnene wa makamo mwenye mikono ya haraka, alipanda nyuma naye, ngumi yake imekandamiza tumbo la binti juu ya shuka. "Twende," alisema, na gari likaondoka, na kwenye kona ya kwanza likasimama ghafla kwa ajili ya kichaka.

Nyuma kitu kilianguka. Zuhura akapiga yowe.

"Nini hicho?" Sista alipaza sauti.

Likaondoka. Likasimama tena, kwa mgomba.

"Nyie! Kila likishtuka mkono wangu unateleza, na mkono wangu ukiteleza damu inatoka! Hili gari lina wazimu?"

"Fundi," alisema Mzee Mbaruku kwa sauti ya chini, "lirudishe sita."

Fatina aliangalia saa. Ilikuwa tisa na nusu alasiri. Mbele yao kulikuwa na kona zote za Soni, na kwenye kila kona, saa hizo, wanawake walikuwa wakirudi na mizigo yao vichwani.

"Ni wewe unayesema hivyo?" alimuuliza.

Mzee hakumtazama. "Mwajabu amekwisha kuzikwa," alisema. "Huyu bado."

Gari likasimama tena. Hapakuwa na kitu chochote barabarani.

"Mbaruku!" Sasa Sista alikuwa karibu kulia. "Njoo umshike miguu, siwezi peke yangu, anateleza!"

Mzee alifungua mkanda wake, akapenya katikati ya viti kwenda nyuma. Kiti cha dereva kikabaki kitupu. Fatina alihamia pale na kompyuta yake. Kidole chake kilikuwa juu ya namba. Miaka sita alikuwa ameiandika sita ile kwenye kila gari bila kufikiri, kama mtu anavyoandika tarehe. Hakuwahi kuona kwamba kila akiiandika anachagua nani alie. Sasa aliwaona wote kwa pamoja, aliye ndani na aliye nje, na hapakuwa na namba ya kuwatosha wote wawili.

Akaandika sita. Kisha akaitupa kompyuta kwenye kiti cha pembeni, akaweka kiganja chake juu ya kitufe chekundu, na akakodoa macho.

Gari liliteremka kama maji. Halikushtuka tena, na nyuma makelele yalipungua, ikabaki sauti ya Sista ikirudia jina la binti, Zuhura, Zuhura, nitazame. Fatina hakugeuka. Hakuwahi kuitazama barabara namna ile tangu utotoni. Kila jani lililotikisika lilimtoa jasho. Kona ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, wanaume wawili wenye majembe, na gari lenyewe likawaona, likapunguza mwendo. Ya tatu, ya nne. Kope zilikuwa zinamwasha, naye hakuthubutu kupepesa.

Kwenye kona iliyofuata palikuwa na vichaka vitatu ukingoni, na cha katikati kilikuwa na miguu.

Alibonyeza kwa nguvu zote. Gari liliserereka, likapiga kelele, likasimama. Majani yaligusa kioo. Nyuma ya kioo, chini ya majani, uso wa mwanamke wa makamo ulimtazama Fatina, mdomo wazi. Mzigo ulianguka ukafunguka. Mwanamke yule aliinua mikono yake miwili mitupu.

"Nyie vipi?" alisema, pumzi zikimtoka kwa shida. "Hamtuoni?"

Fatina alitaka kumjibu. Jibu la kweli lilikuwa hapana, hamwonekani, na mimi ndiye niliyeweka saini.

"Twende!" alilia Sista nyuma.

Mwanamke akaruka mtaroni, na Fatina akakiachia kitufe.

* * *

Zuhura alifikishwa hospitali akiwa hai, na usiku ule Sista alituma ujumbe kwamba kondo limetolewa, ameongezewa damu, ameomba chai. Mzee Mbaruku alilala kwenye benchi la hospitali. Fatina alirudi karakanani asubuhi, akamwokota Bwana Wima kule ukutani, akamfuta vumbi usoni, akaona anafanya upuuzi, akamwacha hapo chini. Kisha akakaa mbele ya kompyuta na kufungua orodha ya magari aliyoyapiga muhuri, yaliyokuwa yakipita barabara ya Soni kwa wakati ule.

Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Malori ya kabichi, ya plamu, ya mbao. Mabasi ya abiria. Gari la maziwa. Gari la shule. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku ambacho hakuwahi kukigusa: Fundi anatengua mihuri yake kwa sababu ya kosa alilolibaini.

Simu ililia kabla hajagusa kitu. Mfumo ulikuwa umekwisha kumwambia Ndimbo kwamba orodha imefunguliwa.

"Dada Fatina, usifanye hivyo."

"Sijafanya kitu."

"Nakuomba. Ukitengua, mia tatu na kumi na mawili yanarudi kilomita nne kwa saa, yote, dakika hiyohiyo. Huna mahali pa kuyapimia upya, kwa sababu hata ukiyapima yatapimwa na sanamu ileile. Unajua leo ni siku gani? Leo mazao yanateremka. Kabichi zitaozea barabarani. Mtoto wa mtu atachelewa mtihani. Mgonjwa wa mtu atakufa ndani ya basi, na atakufa kwa mkono wako, si kwa mkono wa gari."

"Na nisipotengua?"

Fatina hakungoja jibu.

"Mkaguzi, nisipotengua atakufa nani?"

"Hatujui," alisema Ndimbo. "Huenda asife mtu."

"Aliyekufa mwezi huu aliitwa Mwajabu Shekiondo. Wewe ndiye uliyeandika taarifa?"

"Mimi niliisaini tu, dada."

"Basi tuko wawili."

Alimsikia akivuta pumzi. "Watakufutia leseni," alisema Ndimbo. "Sikutishi. Nakuarifu tu, kwa sababu nitakayeandika barua ni mimi, na sitafurahi kuiandika."

"Iandike vizuri. Weka na majani ndani yake. Sema kichwani, mpaka kiunoni."

Akakata simu. Hakuwa jasiri, na hakujihisi ana haki. Alihisi kuchoshwa, kuchoshwa na kila kitu: na muziki wa kinanda, na suruali ya Bwana Wima, na watu wapole wanaosaini. Alizikagua namba zote, moja baada ya nyingine, akizitia alama. Alipofika kwenye gari la wagonjwa la Kwemzinga, ambalo muhuri wake wa zamani ulikuwa bado umo orodhani, akaliruka. Kwa gari hilo alijaza fomu nyingine, muhuri mpya, kizingiti sita, na kwenye nafasi iliyoandikwa kifaa cha ziada cha kuonea akaandika namba ya kitambulisho chake mwenyewe. Mfumo ukamuuliza kifaa kitaisha muda wake lini. Akaandika tarehe ya mbali, ikakubaliwa.

Alijua hakuwa ametenda haki. Mia tatu na kumi na moja wangeuliza kwa nini moja limepona, na kila mmoja angekuwa na mgonjwa wake wa kumtaja. Akabonyeza.

Saa sita mchana walikuwa wakipanda tena, yeye mbele, kiganja juu ya kitufe, Mzee Mbaruku nyuma amelala kwenye machela tupu. Barabara nzima ya Soni ilikuwa imejaa magari yaliyopangana mgongo kwa mgongo, yakitambaa, na kutoka kwenye kila gari ilisikika sauti ileile laini ikisema mwendo umepunguzwa. Madereva walikuwa wametoa vichwa madirishani. Walimjua.

"Fatina! Kabichi hizi utazila wewe?"

"Mama, una laana!"

Mmoja alimrushia plamu iliyooza. Ilipasukia kwenye kioo kipya, karibu kabisa na jicho la gari, na Fatina akanyoosha mkono nje ya dirisha akaifuta kwa upande wa kanga yake, bila kuondoa macho barabarani.

Kwenye ile kona ya jana wanawake watano walikuwa wakiteremka na majani yao, mmoja nyuma ya mwingine, wamebanana mtaroni kama walivyozoea. Kando yao lori la kabichi lilikuwa likiteremka pia, polepole. Wa mbele alitembea nalo kwa muda, bega kwa gurudumu, akilitupia jicho kutoka chini ya mzigo wake, akingoja limfanyie kitu. Halikumfanyia kitu. Alipiga hatua mbili tatu za haraka, akalipita. Kisha, shingo yake ikiwa imenyooka na mzigo umetulia, akatoka mtaroni, akapanda lami, na kuendelea kuteremka katikati ya barabara, na wenzake wanne wakamfuata.

Fatina alilisimamisha gari, akawapisha.